Nani Atakuwa kwenye Besi Huyu Akija

Kabla ya kila mchezo wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mameneja wawili au wasaidizi wao hukutana na waamuzi kwenye besi ya nyumbani na kukabidhiana karatasi. Ina majina tisa, moja chini ya jingine, na pembeni ya kila jina nafasi yake ya ulinzi. Ikishapokewa, imefunga. Mchezaji unaweza kumtoa ukaingiza mwingine, lakini anayeingia anarithi zamu ya aliyetoka, na aliyetoka harudi tena siku hiyo. Akipiga mtu ambaye si zamu yake, wapinzani wakalalamika kabla ya mpira unaofuata kurushwa, anayehesabiwa kutolewa ni yule aliyestahili kupiga. Mfuatano unalindwa kwa sheria kwa sababu mchezo mzima umesimama juu yake.

Kuna watu, nami nimo, wanaopenda kuiandika karatasi hiyo kwa ajili ya timu ambayo haitacheza kamwe: wapigaji bora wa klabu moja wa miaka yote, wakiwa pamoja jioni moja. Klabu yangu ni Seattle Mariners, iliyoanza mwaka 1977. Hadi msimu wa 2025 ndiyo timu pekee ya ligi kuu ambayo haijawahi kucheza fainali ile wanayoiita World Series. Mwaka huo wa 2025 ilibakiza ushindi mmoja tu kuifikia, ikafungwa na Toronto katika mchezo wa saba wa nusu fainali. Kabati halina kombe kubwa, lakini wapigaji waliopita hapo ni wa kumfanya mtu akeshe na kalamu.

Shabiki wa soka hahitaji kuelezwa utamu wa kupanga kikosi. Kariakoo nzima hupanga vikosi vya Simba na Yanga kila Jumamosi, bure, kwa sauti kubwa. Ila kikosi cha soka ni swali la nani asimame wapi, na wote kumi na mmoja wanaingia kazini filimbi ikilia. Karatasi ya besiboli ni swali la nani aje baada ya nani. Wapigaji wanakuja mmoja mmoja. Kila timu ina vipindi tisa vya kupiga, na kila kipindi kinaisha watu watatu wakitolewa. Kipindi kinachofuata hakianzi juu ya orodha. Kinaanza kwa yule aliyekuwa anangoja zamu. Jina la tisa likipita, linarudi la kwanza. Kwa hiyo orodha ile, ingawa imeandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa kweli ni duara, na anayeipanga vizuri huipanga akijua hivyo.

Aliyenifundisha kuitazama hivi ni mzee mmoja wa Mombasa aliyehamia jimbo la Washington zamani, akaupenda mchezo huu kupitia redio kabla hata hajaingia uwanjani. Nilimpelekea orodha yangu nikiwa nimemwaga majina makubwa yote juu, kila mmoja na hesabu zake. Aliisoma, akaigeuza, akaniuliza swali ambalo ndilo kazi yenyewe: "Mwanangu, usinambie nani bora. Nambie nani atakuwa kwenye besi huyu akija." Akachukua kalamu, akaanza kuweka nukta ndogo mbele ya kila jina: moja kama mpigaji yule angetazamia kukuta mtu mmoja mbele yake, mbili kama wawili, na duara tupu kama angekuta uwanja mweupe. Orodha yangu ilijaa maduara.

Hekima ya zamani ya mameneja ilikuwa wazi. Wa kwanza awe mwenye mbio. Wa pili awe na mkono mtulivu, anayeweza kumsogeza aliyetangulia. Wa tatu awe mpigaji bora kuliko wote. Wa nne awe mwenye nguvu, wa kuwafagia waliojaa kwenye besi na kuwaleta nyumbani. Baada ya hapo wanashuka kwa ubora hadi wa tisa. Mpangilio huu ulidumu karibu karne nzima, na hauna upumbavu ndani yake. Halafu wakaja watu wa hesabu, na walichokitazama kwanza ni jambo jepesi kabisa: nani anapata zamu nyingi zaidi? Msimu una michezo 162. Mchezo unaweza kuishia kwa yeyote kati ya wale tisa, na aliyekuwa amefuata hukosa zamu ambayo aliyetangulia ameipata. Gawa 162 kwa tisa, unapata 18. Kila hatua unayomshusha mtu kwenye orodha, unamnyima takriban zamu 18 kwa mwaka. Kati ya wa kwanza na wa tisa ni zamu 144. Mtu anayefika besi mara kwa mara, ukimweka wa saba kwa sababu tu hana mbio, umezitupa zamu zake.

Jambo la pili walilolisema liliwaudhi wengi: mpigaji bora asiwekwe wa tatu. Katika kipindi cha kwanza, wa tatu ndiye anayekuja mara nyingi kukiwa na wawili waliotolewa na besi zote tupu. Hata akipiga vizuri, hana wa kumleta nyumbani. Afadhali bora wako wakae wa kwanza, wa pili na wa nne. Siku hizi mameneja wengi wanafuata ushauri huo, na ndiyo maana unaona mpigaji mwenye nguvu kuliko wote akija wa pili, mahali ambapo zamani alikaa mtu wa kusukuma mpira taratibu.

Sasa tuingie kazini. Kwanza ni sharti la mchezo wenyewe wa kuwaza, maana bila sharti kila kitu kinawezekana na hakuna kinachopendeza. Sharti langu ni hili: kila mchezaji namchukua katika msimu wake mmoja, mzima, na katika nafasi ya ulinzi aliyoicheza msimu huo. Hili linauma zaidi kwa Edgar Martinez. Mwaka 1992 alikuwa mlinzi wa besi ya tatu na aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga wa 0.343. Mwaka uliofuata aliumia msuli wa paja, na baada ya hapo akawa mpigaji tu, yule anayeruhusiwa kupiga bila kulinda popote. Katika kazi hiyo akawa bora zaidi: mwaka 1995 wastani wake ulikuwa 0.356, na alifika besi mara 479 kwa kila zamu 1,000. Kishawishi ni kumchukua Edgar wa 1995 na kumsimamisha besi ya tatu, ili nafasi ya mpigaji asiyelinda ibaki wazi kwa mwingine. Mimi nakataa. Ukiuchukua mkono wa 1995, chukua na paja la 1995.

Juu kabisa naanza na Ichiro Suzuki wa mwaka 2004. Mwaka huo alipata mapigo salama 262, akaivunja rekodi ya George Sisler iliyokuwa imesimama tangu 1920. Mengi yalikuwa mapigo mafupi ya besi moja, mpira ukiviringika polepole huku yeye ameshapita. Alikuwa akipiga kwa mkono wa kushoto, na namna yake ya kuanza kukimbia hata kabla rungu halijamaliza kuzunguka ilimpunguzia mlinzi hatua nzima ya nafasi. Alifika besi mara 414 kati ya 1,000. Watu hubishana kwamba hakuwa na nguvu za kuvusha mpira uzio kama wengine. Wa kwanza hahitaji kuvusha uzio. Anahitaji kuwa pale.

Wa pili ni Edgar. Wa tatu ni Ken Griffey, yule mdogo, wa mwaka 1997: mipira 56 ilivuka uzio, na wapiga kura wote walimchagua mchezaji bora wa ligi yake bila hata mmoja kupinga. Hapo msomaji wa hesabu atanisimamisha, kwa kuwa nimetoka tu kusema bora asiwe wa tatu.

Hebu tuhesabu pamoja, kwa sababu ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Chukua timu ya kawaida ambayo wapigaji wake wawili wa kwanza wanafika besi mara 330 kati ya 1,000. Uwezekano kwamba wote wawili watatolewa ni 0.67 mara 0.67, yaani karibu 0.45. Takriban nusu ya michezo, wa tatu anakuta uwanja mweupe. Lakini kwetu hapa wanaomtangulia ni Ichiro na Edgar. Ichiro hushindwa mara 586 kati ya 1,000, Edgar mara 521. Zizidishe: 0.305. Kati ya michezo kumi, Griffey anakuta uwanja mtupu mitatu tu. Kwa mingine saba kuna mtu besini, au ameshafika nyumbani. Ushauri wa watu wa hesabu ulikuwa sahihi kwa timu walizozipima. Kwa timu hii kosa la nafasi ya tatu limefutwa na waliosimama mbele yake. Nilipomwonyesha mzee hesabu hii, aliweka nukta mbili kubwa mbele ya jina la Griffey na kusema, "Hapo sasa."

Wala si jambo la karatasi tu. Tarehe 8 Oktoba 1995, mchezo wa tano na wa mwisho wa mfululizo wa mtoano dhidi ya New York Yankees, Seattle walikuwa nyuma 5 kwa 4 katika kipindi cha kumi na moja. Zamu ilikuwa imemfikia Joey Cora, wa pili kwenye orodha ya meneja Lou Piniella. Cora aliusukuma mpira polepole upande wa besi ya kwanza, akajirusha akampita Don Mattingly, mlinzi wa Yankees, aliyekuwa anajaribu kumgusa. Akaja Griffey, wa tatu, akapiga pigo la besi moja, Cora akasogea hadi besi ya tatu. Akaja Edgar, wa nne. Mrushaji alikuwa Jack McDowell. Edgar aliupiga mpira ukashuka kando ya mstari wa kushoto, ukaenda mpaka ukutani. Cora aliingia nyumbani, matokeo yakalingana, na nyuma yake Griffey alikuwa anatoka besi ya kwanza akizunguka zote bila kupunguza mwendo, akateleza kwenye besi ya nyumbani kabla mpira haujafika. Sita kwa tano. Aliyekuwa anangoja zamu nyuma ya Edgar ni Alex Rodriguez, wakati huo kijana wa miaka 20.

Watu hulikumbuka pigo la Edgar, na wana haki. Mimi naitazama karatasi. Cora, Griffey, Edgar: mtu wa kufika, mwenye mbio, mwenye jicho. Wabadilishe nafasi Griffey na Edgar, na pigo lile lile linamkuta Edgar akitoka besi ya kwanza, mtu ambaye hakuwahi kuogopwa kwa mbio. Pigo lilikuwa la Edgar, lakini umbali ule ulihitaji miguu ya Griffey, na Piniella alikuwa ameiweka miguu hiyo mbele ya mkono ule tangu mchana.

Unaweza kuniuliza kwa nini basi mimi nimemweka Edgar mbele ya Griffey. Nimeshindana na swali hilo kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba Piniella hakuwa na Ichiro wa 2004, wala hakuwa na huyu wa nne niliye naye: Alex Rodriguez wa 1996, aliyeongoza ligi kwa wastani wa 0.358 na kupata mapigo 54 ya besi mbili. Katika 1995 mkono wa Edgar ulihitajika nyuma ya Griffey kwa kuwa ndio uliokuwepo. Hapa kuna mwingine wa kumpeleka Griffey nyumbani, na mtu anayefika besi mara 479 kati ya 1,000 ananufaisha zaidi akitangulia. Halafu Griffey akivusha uzio, mbio za Edgar si kitu, anatembea tu.

Wa tano ni Cal Raleigh wa 2025. Mdakaji, mtu anayechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani mchezo mzima na magoti yake yakilipia, alivusha mipira 60. Hakuna mdakaji aliyewahi kufika hata 50 kabla yake, na hakuna mpigaji wa mikono yote miwili aliyewahi kufika 60. Meneja wake, Dan Wilson, ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu ya 1995, alimtumia mara nyingi katika nafasi ya pili, na kwa timu aliyokuwa nayo alifanya sawa. Kwangu anashuka hadi ya tano, na sababu yake ni mikono.

Mpigaji wa kushoto huuona vizuri zaidi mpira unaotoka kwa mrushaji wa kulia, na wa kulia huuona vizuri ule wa mrushaji wa kushoto. Meneja wa upande wa pili analijua hilo. Mchezo ukifika ukingoni humleta mrushaji mpya aliyechaguliwa kwa mkono wake, ili awamalize mashoto wako wawili watatu waliofuatana. Tangu 2020 sheria inamlazimu mrushaji anayeingia akabiliane na wapigaji wasiopungua watatu, au amalize kipindi. Kwa hiyo ukiwapanga wa kushoto na wa kulia kwa kupishana, kila anayeletwa atakutana na angalau mmoja anayemfaidi. Sasa tazama: Ichiro kushoto, Edgar kulia, Griffey kushoto, Rodriguez kulia. Raleigh anapiga kwa mikono yote, akibadilika kulingana na mrushaji, hivyo ndiye kiungo kinachofaa katikati kabisa. Baada yake nataka kushoto, kulia, kushoto, kulia, ili wa tisa akipita arudi Ichiro wa kushoto na duara lisikatike.

Wa sita ni John Olerud wa 2001, mlinzi wa besi ya kwanza, kushoto. Olerud alicheza na kofia ngumu kichwani hata akiwa analinda, tangu alipougua mshipa wa ubongo akiwa chuoni, na alipiga kwa utulivu ule ule: hakupigia mpira mbaya. Katika 2001 na 2002 alifika besi zaidi ya mara 400 kati ya 1,000. Nyuma yake, wa saba, ni Bret Boone wa 2001, kulia, aliyevusha mipira 37 na kuleta mikimbio 141. Watu hushtuka kuona mikimbio 141 ikikaa nafasi ya saba. Lakini rudia swali la mzee: Boone akija, nani yuko kwenye besi? Raleigh na Olerud. Hakuna timu ya kweli iliyowahi kumpa wa saba watu kama hao.

Huyo Boone na Olerud wananikumbusha jambo ambalo wapanga majina wengi hulisahau. Mrushaji Randy Johnson alihamishiwa timu nyingine 1998. Griffey aliondoka baada ya msimu wa 1999, Rodriguez baada ya 2000. Mwaka 2001, bila hao wote watatu, Seattle walishinda michezo 116, idadi ambayo katika historia ya ligi kuu ni Chicago Cubs wa 1906 tu walioifikia. Ile ilikuwa orodha isiyo na mahali pa kupumzikia mrushaji: Ichiro akiwa mgeni wa ligi, Edgar, Olerud, Boone, kila mmoja akimwachia aliyefuata kitu cha kufanyia kazi. Yankees waliwatoa katika nusu fainali, na kidonda hicho hakijapona hapa.

Majina tisa yanaweza kupangwa kwa njia 362,880. Ukiandika moja kila dakika, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku 252. Na watu wa hesabu wanasema kati ya mpangilio mzuri sana na ule wa kawaida tofauti ni ndogo, ushindi mmoja kwa msimu, pengine kidogo zaidi. Wapo wanaolisikia hilo wakaweka kalamu chini. Mimi nakumbuka msimu wa 1995, uliopunguzwa kuwa michezo 144 kwa sababu ya mgomo wa wachezaji. Ulipokwisha, Seattle na Angels wa California walikuwa sawasawa, ushindi 78 kwa 78, na ikabidi wacheze mmoja wa ziada. Randy Johnson aliwarushia, wakashinda 9 kwa 1, na ndipo ukapatikana ule mchezo wa Oktoba 8.

Zimebaki nafasi mbili, na ni hizi zinazotukosanisha mimi na mzee. Wa nane nimemweka Raul Ibañez wa 2006, kushoto, mlinzi wa nje upande wa kushoto, mipira 33 juu ya uzio. Wa tisa ni Adrian Beltre wa 2007, kulia, ambaye namchukua kwanza kwa glavu yake kwenye besi ya tatu. Mzee hamtaki Ibañez. Anamtaka Jay Buhner, aliyevusha mipira 40 au zaidi kwa misimu mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Namwambia Buhner alikuwa mlinzi wa nje upande wa kulia, na Ichiro wa 2004 yuko hapo hapo. Sharti ni sharti. Anajibu kwamba Buhner alikuwa na mkono wa kurusha wa kutosha kusimama popote. Namwonyesha karatasi: Buhner anapiga kulia, na akiingia wa nane, Boone, Buhner na Beltre wanafuatana wote watatu wa kulia, na meneja wa upande wa pili hatahitaji kufikiri. Anafikiri kidogo, halafu anamhamisha Olerud kutoka wa sita hadi wa nane, kati ya Buhner na Beltre, na Boone anapanda wa sita. Kulia, kulia, kushoto, kulia. Si mbaya. Lakini sasa Boone anakuja bila Olerud mbele yake, na nukta moja imepungua.